Valvu na Umeme wa Mpakani: Makala juu ya Amplifaya ya Besi

Miongoni mwa ala za bendi ya dansi, gitaa la besi ndilo lipatalo sifa ndogo kuliko kazi yake. Mwimbaji husifiwa kwa sauti na mpigaji solo kwa wepesi wa vidole, lakini mwenye besi husimama nyuma karibu na ngoma, akiushika mwendo ambao miguu ya wachezaji huufuata pasipo wao wenyewe kutambua. Naye akinyamaza kitambo kidogo tu, hata asiyejua lolote katika elimu ya muziki huhisi kwamba wimbo umepungukiwa na kitu kikubwa. Katika Magharibi ya Kenya sauti hiyo nzito ina tarehe yake. Zama za omutibo, mtindo ambao marehemu George Mukabi aliupa heshima adhimu kabla ya kufariki kwake mwaka 1963, besi ilitoka katika kidole gumba cha mpiga gitaa mwenyewe na mdundo ukatoka katika chupa ya Fanta; gitaa lilikuwa kavu, na umeme haukuwa na nafasi katika shughuli hiyo. Benga ya Waluo na rumba ya Kongo ndizo zilizoipandisha besi ya umeme cheo, zikaifanya iongoze pale ilipozoea kufuata.

Muziki huo ulipita katika njia zile zile zilizopita bidhaa. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 huuvuka mpaka wa Kenya na Uganda mjini Malaba, na barabara itokayo Kisumu huuvuka mjini Busia, kwa hiyo msafiri wa nchi kavu aliyetoka Kampala kwenda Nairobi aghalabu hakuwa na budi ila kupita katika mmoja wa miji hii miwili. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi katika Kongo, alipiga muziki Uganda kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977, ambako baadaye aliongoza Orchestra Virunga. Na upande wa Kampala, bendi ya Afrigo imekuwapo tangu mwaka 1975. Tena, palipo na madereva wa malori wanaongoja karatasi zao usiku kucha hapakosi baa, na penye baa hapakosi muziki. Makanisa nayo yameipokea besi ya umeme kwa mikono miwili, hata ni nadra siku hizi kuingia ibadani mjini Busia siku ya Jumapili usiisikie ukutani kabla hujaisikia masikioni.

Nyuma ya kila besi ya umeme pana chombo cha pili ambacho hakionekani katika picha za bendi, nacho ni amplifaya. Ni juu ya chombo hicho, na hasa kile cha mtindo wa kale kinachotumia valvu za kioo mahali pa transista, ndipo makala haya yanapokusudia kukaa. Ninalo neno moja la kulishikilia tangu sasa: mwenye kumiliki amplifaya ya valvu katika Busia au Malaba aelekeze fedha na akili yake katika umeme uingiao kabla hajagusa sauti itokayo. Chombo hiki huweza kuzeeka kwa siha na kuishi miaka mingi kuliko bwana wake. Kinachokiua hapa petu mapema ni umeme, na dawa ya umeme inajulikana.

Tuanze na valvu yenyewe. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme mdogo, aghalabu wa volti 6.3, nao huipasha moto kathodi, yaani kijibomba kilichopakwa dawa ambayo ikipata joto hutoa elektroni. Pembeni pana anodi, bamba la chuma lililopewa volti 400 au 500, nalo huzivuta elektroni hizo kwa nguvu. Kati ya hivyo viwili umezungushwa waya kwa jina la gridi, na kazi yake ni mfano wa lango la mfereji wa kumwagilia shamba, ambalo mtoto hulisogeza kwa mkono mmoja na maji mengi yakapungua au yakazidi. Mtetemo hafifu wa uzi wa gitaa huingia katika gridi, na mkondo mkubwa uendao katika anodi ukaufuata mtetemo huo, ukipanda unapopanda na kushuka unaposhuka. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904 ikiwa haina gridi. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeongeza gridi miaka michache baadaye, na hapo ndipo redio na sinema ya sauti zilipopata uhai. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1947, ikawa ndogo, baridi na rahisi, ikazifukuza valvu katika redio na televisheni za dunia nzima. Katika amplifaya za gitaa haikufanikiwa kuzifukuza zote.

Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi lililoitwa Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata akalitolea amplifaya yake, Bassman. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye spika nne za inchi 10, ilipendwa mno hata na wapigaji wa gitaa la kawaida, na Jim Marshall wa London alipounda amplifaya yake ya kwanza mwaka 1962 aliifuata hiyo karibu waya kwa waya. Kampuni ya Ampeg ilitoa B-15 mwaka 1960, chombo cha wati zisizozidi 30 ambacho kichwa chake hupinduliwa na kufichwa ndani ya kabati la spika safarini. Na mwaka 1969 ikatoa SVT, yenye valvu 14 na wati 300, ambayo kichwa chake peke yake kina uzito wa karibu kilo 40. Nyingi katika amplifaya za mtindo wa kale zinazoundwa leo ni uzao wa hizi tatu, na anayeelewa mmoja wa mababu hao hatapotea sana katika kumfungua mjukuu.

Watu huuliza kwa haki: kwa nini mtu abebe mzigo huo wa moto na chuma ilhali amplifaya ya transista yenye wati zaidi hubebwa kwa mkono mmoja? Jibu lipo katika namna ya kulemewa. Transista ikitakiwa kutoa zaidi ya uwezo wake huikata ncha ya wimbi ghafla, na sikio husikia ukali kama wa kitu kilichopasuka. Valvu hulikunja wimbi taratibu, ikiongeza ndani yake sauti ndogo ndogo za juu zinazopatana na ile ya asili, hata noti ya chini ambayo spika yenyewe huitoa kwa shida ikasikika nene na ya karibu. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8, refu kuliko vyumba vingi vya baa. Sikio katika chumba kidogo huitambua noti hiyo zaidi kwa zile sauti za juu yake kuliko kwa yenyewe. Hiyo ndiyo sababu amplifaya ya valvu ya wati 30 hushinda nyingine za wati 100 katika ukumbi wa watu wachache, na si hadithi za wauzaji.

Sasa tuje katika umeme wetu. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, pale mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, na kabla ya muongo ule kwisha umeme wake ulikuwa umekwisha vuka mpaka kuingia Kenya, kwa nyaya za volti 132,000 zinazotoka Tororo, upande wa Uganda, hadi Juja, karibu na Nairobi. Nchi zote mbili hutumia volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo amplifaya iliyonunuliwa Kampala hufanya kazi Busia bila ya kubadilishwa kitu. Lakini 240 ni ahadi, na mwishoni mwa laini ndefu, ambako kinu cha kusaga mahindi, mashine ya kulehemu mageti na mafriji ya baa tatu hushiriki transfoma moja ya nguzoni, ahadi hiyo hutimizwa jioni kwa upungufu na usiku wa manane kwa ziada. Fauka ya hayo, Tororo, ambao mwamba wake mkaaji wa Malaba huuona kila asubuhi iliyo njema, ndio mji uliowahi kuandikwa katika vitabu vya dunia kuwa ndio wenye ngurumo nyingi kuliko mahali pengine popote: kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka katika miaka ya 1967 hadi 1976. Radi haihitaji kuipiga nyumba ili iiue amplifaya. Ikipiga nyaya umbali wa kilomita kadhaa, wimbi la volti husafiri na kuingia katika transfoma isiyokuwa na kinga.

Valvu huvumilia mengi katika upande wa sauti, ila haivumilii dhuluma katika joto la kathodi. Amplifaya iliyoundwa kwa volti 220 na kuchomekwa katika 240 huzipa valvu zake takriban volti 6.9 badala ya 6.3, na volti za anodi nazo hupanda kwa kadiri hiyo hiyo. Chombo hakitalipuka siku hiyo, kitapiga vizuri tena kwa nguvu, lakini maisha ya valvu yatakuwa yanaliwa kila usiku. Iliyoundwa kwa volti 120 za Marekani, ikichomekwa moja kwa moja, huungua mara moja, na huo ndio msiba wa zawadi nyingi zinazotumwa na ndugu walioko ng'ambo. Ya namna hiyo sharti ipewe transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa mara moja na nusu ya matumizi yake, na mwenyewe ajue kwamba chuma kilichopimwa kwa mizunguko 60 hupata joto zaidi katika mizunguko yetu 50.

Kabla ya kusema neno lolote juu ya kutafuta hitilafu, niseme lile la kuokoa maisha. Ndani ya amplifaya ya valvu mna kapasita kubwa zinazoweka akiba ya volti 400 na zaidi, na akiba hiyo huweza kubaki hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Fundi mwenye adabu ya kazi huzimua kapasita hizo, yaani huitoa akiba yake ya umeme, kupitia rezista, hupima kwa mita hadi ionyeshe sifuri, huvaa viatu vikavu, hutumia mkono mmoja na kuuweka wa pili nyuma yake, wala hafanyi kazi hiyo akiwa peke yake. Asiye fundi asifungue. Hata hivyo asiye fundi ana masikio, macho na pua, na kwa hivyo vitatu anaweza kumpelekea fundi nusu ya jibu.

Masikio kwanza. Malalamiko makubwa ya amplifaya kongwe ni mvumo, na mvumo una aina mbili ambazo mpiga besi huzitofautisha bila ya mita yoyote, kwa gitaa lake mwenyewe. Apige uzi mnene katika freti ya tatu: hiyo ni G ya chini, mitetemo 49 kwa sekunde, jirani kabisa wa mizunguko 50 ya umeme wa ukutani. Kisha apige uzi mwembamba ukiwa wazi: hiyo ni G ya juu yake, mitetemo 98, jirani wa 100. Mvumo ukifanana na ile ya kwanza, umeme wa ukutani unaingia mbichi mahali fulani, aghalabu katika waya wa gitaa uliokatika kinga yake, au nyaya za kupasha moto valvu zilizopangwa vibaya, au waya wa ardhi uliolegea. Ukifanana na ya pili, umeme umekwisha geuzwa kuwa mkondo mmoja lakini haukulainishwa, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni zile kapasita kubwa za akiba, ambazo dawa yake ya majimaji hukauka baada ya miaka 15 au 20 hata kama chombo kimekaa ghalani. Mtuhumiwa wa pili ni jozi ya valvu za nguvu zisizolingana, kwa maana valvu mbili zilizo sawa huufuta mvumo huo kwa kupingana, na moja ikidhoofika mvumo hupita. Kisha ateremshe kitufe cha sauti hadi mwisho. Mvumo ukiisha, asili yake iko kabla ya kitufe. Ukibaki, iko baada yake. Aung'oe na waya wa gitaa pia. Kwa dakika chache, na pasipo kugusa bisibisi, eneo la hitilafu limekwisha kuwa dogo.

Mlio wa kengele unaofuata kila noti ni valvu iliyolegea viungo vyake vya ndani; penseli ikiigonga polepole, yenye kosa hujitaja kwa sauti katika spika. Mkwaruzo unaotoka kila kitufe kinapozungushwa ni vumbi na kutu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia huumaliza. Kuchacharika kunakokuja na kuondoka pasipo sababu aghalabu ni soketi ya valvu iliyolegea au lehemu iliyopasuka; na hilo ni la kutarajiwa katika chombo kilichofungwa nyuma ya bodaboda na kupelekwa Adungosi kwa barabara ya vumbi.

Macho nayo yana kazi. Mwanga wa rangi ya machungwa katikati ya valvu ni siha. Rangi nyekundu juu ya bamba la nje ni hatari, na mwenye kuiona azime hapo hapo bila ya kungoja wimbo uishe. Wekundu huo maana yake ni kwamba gridi haizuii tena mkondo, na valvu inajichoma. Valvu ya 6L6GC, mathalani, kikomo chake ni wati 30 katika anodi; ikipewa volti 450 na kupitisha miliampia 40 katika utulivu, inatumia wati 18, naye fundi ameridhika. Mkondo huo ukipanda maradufu, hakuna chuma kitakachostahimili. Ili kujua nani mwenye kosa, fundi hubadilisha nafasi za valvu mbili: wekundu ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mbovu, ukibaki mahali pake, kosa liko katika saketi, na mara nyingi ni kapasita ndogo inayopeleka sauti katika gridi, imeanza kuvujisha volti isizopaswa kuvujisha. Kumnunulia valvu mpya mtu mwenye kapasita hiyo ni kumtupia fedha zake motoni.

Fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine ya kipimo kile kile mara moja tu. Ikikatika tena, imesema la kusema. Nimeona fyuzi zilizovishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili shughuli ya usiku isikatizwe, na baada ya hapo kilichokatika ni transfoma, kitu ambacho bei yake hununua fyuzi za maisha yote. Njia ya akili ni balbu ya majaribio: balbu ya zamani ya waya, ya wati 100 (ya LED haifai kwa kazi hii), inafungwa mfululizo katika njia ya umeme unaoingia amplifaya. Chombo kikiwa kizima, balbu humeremeta kidogo kisha hufifia. Kikiwa na njia ya mkato ndani yake, balbu huwaka kwa nguvu zote na kuubeba mzigo wote, wala hakuna kinachoungua. Fundi kisha hung'oa valvu za nguvu, halafu ile ya kugeuza mkondo kama ipo, akitazama ni wakati gani balbu inafifia. Chombo hiki cha kupimia hugharimu balbu, soketi na waya. Fundi asiyekuwa nacho asipewe amplifaya ya mtu.

Na kuna jambo moja ambalo amplifaya ya valvu haisamehe: kupigwa bila ya spika. Transfoma ya kutolea sauti huzigeuza volti nyingi za anodi kuwa mkondo mwingi wa spika ya omu 4 au 8, na ikikosa mahali pa kuupeleka mkondo huo, volti hurudi nyuma na kupanda hadi kuuchoma uzi wake wa ndani. Spika kwanza, umeme baadaye. Na kitufe cha omu kilingane na spika.

Tumefika katika kugeuza na kuongeza, mlango ambao vijana wengi huanzia na ambao ulistahili kuwa wa mwisho. Mageuzi ya kwanza, ya faradhi, ni waya wa ardhi. Amplifaya za Marekani za zamani zilikuja na plagi ya pini mbili, na ndani yake kapasita ndogo iliyounganisha upande mmoja wa umeme na chesisi kwa kusudi la kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikiharibika, chesisi hupata umeme, na nyuzi za gitaa pamoja nayo. Mpiga besi akizishika huku midomo yake ikigusa maikrofoni iliyoungwa na ardhi, yeye mwenyewe ndiye huwa waya. Fundi aitoe kapasita hiyo, aweke waya wa nyaya tatu, na ule wa ardhi aufunge kwa nati katika chesisi. Kisha ahakikishe kwamba ukumbi wenyewe una fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, kwa maana pini ya tatu ya plagi isiyofika popote ni pambo.

La pili ni kuchagua mahali pa 240 katika transfoma yenye machaguo, na penye 250 ichaguliwe hiyo katika mitaa ambayo mita imeonyesha ziada ya usiku. La tatu ni kile kisanduku kiuzwacho madukani kwa ajili ya kulinda friji, ambacho hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Katika Busia na Malaba sioni chombo cha bei ndogo kilichookoa mali zaidi. La nne ni fyuzi ya pili, ndogo, katika njia ya volti nyingi, ili valvu ikifa isife pamoja na transfoma. Na mawingu yakikusanyika upande wa Tororo, plagi itoke ukutani kabisa, kwa sababu swichi ni pengo la milimita chache, na radi imekwisha ruka mapengo ya maili. Jenereta ndogo ya petroli itumiwe baada ya kutulia, na kisanduku kile kile kati yake na amplifaya.

Ama upande wa sauti, ninashauri kujizuia. Iko njia isiyoharibu kitu, nayo ni kubadilisha valvu ndogo za mbele: 12AX7 hukuza mara 100, 12AT7 mara 60, na 12AU7 mara 20 hivi, zote zikiingia katika soketi ile ile, kwa hiyo mwenye gitaa lenye sauti kali anaweza kuupata upole autakao kwa kung'oa valvu moja na kuweka nyingine, na kuurudisha ukali jioni ile ile akipenda. Spika iliyo bora hubadilisha tabia ya amplifaya kuliko kapasita ghali yoyote. Kwa kanisa linalotaka besi iingie katika miksa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, tundu la kutolea sauti kupitia rezista mbili ni kazi ya saa moja isiyogusa njia ya asili. Lakini kutoboa matundu mapya katika chesisi ya miaka sitini, kukata nyaya ili kuongeza kitufe kilichosomwa mahali, au kuinyang'anya transfoma yake ya asili ilhali ni nzima, hayo ni kumwondolea mrithi kitu ambacho hakitaundwa tena. Kila kilichotolewa kiwekwe katika bahasha, kiandikwe tarehe na mahali kilipokuwa, na bahasha ifungwe ndani ya kabati.

Utunzaji wa kila siku ni mdogo. Chombo kipoe kabla ya kubebwa, kwa sababu waya wa ndani ulio moto hukatika kwa mtikisiko mdogo. Katika barabara mbaya valvu zing'olewe na kufungwa kwa nguo. Mgongo wake usibanwe ukutani, na wavu wa nyuma usiondolewe, kwani mijusi na mende hupenda joto lile, nao huunganisha kwa miili yao pini zisizopaswa kuunganishwa. Valvu za akiba zinaundwa mpaka leo, Slovakia, Urusi na China, na rezista na kapasita za volti 450 hupatikana Luthuli Avenue, Nairobi. Anayeleta za kwake kutoka Kampala azitaje forodhani. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, humaliza shughuli za nchi zote mbili chini ya paa moja, na risiti yake huondoa maswali njiani.

Mafundi waliojifunza kazi katika redio za kabati, zilizokuwa na valvu hizi hizi, wamekuwa wazee, na simu za mkononi zimewachukua vijana ambao wangeliketi karibu nao. Namsihi kijana yeyote wa Busia au Malaba mwenye pasi ya kulehemu na mita amtafute mzee wa namna hiyo katika mtaa wake, amwombe amwonyeshe balbu ya majaribio na kuzimua kapasita, wakati mzee angali na macho. Na wewe msomaji, ukiwa mwenye baa, mzee wa kanisa au mrithi wa mpiga besi, ambaye katika ghala lako mna amplifaya kongwe iliyofunikwa gunia, usiichomeke ukutani kutazama kama inafanya kazi. Kapasita zilizolala miaka kumi hupasuka kwa kuamshwa ghafla. Mpelekee fundi kwanza.